Maneno ya Kiingereza yenye mkia wa "-cide": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota darasani, kwenye meza ya kutafsiri na kwenye maduka ya pembejeo. Mengine yaliulizwa na wanafunzi wa sekondari, mengine na wakulima walioshika chupa mkononi wakitaka kujua kilichoandikwa. Ukiwa na haraka na chupa yako, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya dukani.

## Mwanzo

Mkia "-cide" una maana gani?

Kuua. Au anayeua. Au kitu kinachoua. Anayeuawa hutajwa mbele ya mkia: mtu, mfalme, mdudu, gugu. Ndiyo maana ukishika vichwa vya Kilatini kumi au kumi na viwili, unaweza kulisoma hata neno ambalo hujawahi kukutana nalo. Yapo machache yanayofanana na kundi hili bila kuwa ndugu zake. Hayo nimeyaweka mwishoni.

Umetoka wapi?

Umetoka kwenye kitenzi cha Kilatini *caedere*, ambacho Warumi walikitamka karibu na "kaidere". Maana yake ya kwanza ni kukata: kuangusha mti, kuchonga jiwe, kuchapa kwa fimbo, kuchinja mnyama wa kafara. Kutoka kukata hadi kuua si mbali. Sisi nasi tunafyeka majani, na magazeti yetu huandika kwamba jeshi limefyeka waasi.

Kitenzi hicho kilipounganishwa na neno jingine, *ae* ilinyauka ikawa *i*. Hapo Warumi wakapata nomino mbili: *-cida*, muuaji, na *-cidium*, tendo la kuua. Kifaransa kilizipokea zote mbili kikazipa umbo moja, *-cide*, na Kiingereza kikaokota huko.

Sasa "regicide" ni mtu au ni tendo?

Vyote viwili, kwa sababu ya mkanganyiko nilioueleza hapo juu. *Rex, regis* ni mfalme, kwa hiyo *regicide* ni kumuua mfalme, na pia ni mtu aliyemuua. Waingereza walimkata kichwa mfalme wao Charles I tarehe 30 Januari 1649, na watu 59 waliotia saini hati ya kifo chake wanaitwa hadi leo *regicides*. Ufalme uliporudi mwaka 1660 wakaanza kusakwa. Oliver Cromwell, kiongozi wao, alikuwa ameshakufa, lakini hilo halikumwokoa: maiti yake ilifukuliwa na kutundikwa tarehe 30 Januari 1661, miaka 12 kamili baada ya mfalme.

Katika karne ya 19 mkia huu ukapata kazi ya tatu, kutaja dawa. *Insecticide* si mtu wala si tendo, ni kitu ndani ya chupa. Mswahili hahangaiki na haya, maana ngeli humtenganishia: muuaji, mauaji, kiuatilifu.

Kiswahili kina kitu kama hiki?

Kinacho, ila sisi tunakiweka mbele: *kiua-*. Kiuatilifu, kiuagugu, kiuakuvu, kiuavijasumu. Mrumi alimtaja anayeuawa kwanza, sisi tunaanza na kitenzi kisha tunamtaja anayetendwa, kama tulivyozoea katika kifunguakinywa, kipazasauti na kitindamimba. Mwanafunzi anayelisoma *herbicide* kutoka nyuma kwenda mbele, "kiua-majani", tayari ameshalitafsiri.

## Watu na jamaa

"Homicide" na "murder" ni kitu kimoja?

Hapana. *Homicide* (*homo, hominis*, mtu) ni mwavuli: mtu ameuawa na mtu mwingine, iwe kwa kukusudia, kwa uzembe, au kwa kujitetea. Chini ya mwavuli huo ndipo yalipo *murder*, mauaji ya kukusudia, na *manslaughter*, kuua bila kukusudia. Haya mawili hayana Kilatini ndani yake. Kwa hiyo kila *murder* ni *homicide*, lakini ukiigeuza kauli hiyo utakuwa umemhukumu mtu kabla ya hakimu. Wanaotafsiri habari za mahakamani wanateleza hapa mara nyingi kuliko popote.

Kuna neno kwa kila ndugu anayeuawa?

Karibu kila ndugu. *Patricide* ni kumuua baba, *matricide* mama, *fratricide* kaka, *sororicide* dada, *filicide* mtoto wako mwenyewe. *Uxoricide* ni kumuua mke, na *mariticide*, lisilosikika sana, ni kumuua mume. Vichwa vyote ni Kilatini cha nyumbani: *pater, mater, frater, soror, filius, uxor, maritus*. Sisi tunasema tu "kumuua babaye", na inatosha.

Warumi walikuwa na mifano yao. Romulus, mwanzilishi wa Roma katika hadithi zao, alimuua nduguye Remus, kama Kaini na Habili. Kaizari Nero aliagiza mama yake Agrippina auawe mwaka 59. Leo *fratricide* lina maana ya pili jeshini: kuwapiga askari wa upande wako kwa makosa.

*Parricide* ni neno pana zaidi, la kuua mzazi au jamaa wa karibu, na sheria ya Kirumi ililiwekea adhabu ya peke yake. Mkosaji alishonwa ndani ya gunia pamoja na mbwa, jogoo, nyoka na nyani, kisha gunia likatupwa majini. Orodha hiyo ya wanyama bado ipo katika sheria za kaizari Justinian za karne ya 6. Nikiieleza darasani, wanafunzi huwa hawalisahau neno.

"Infanticide" ni kuua mtoto yeyote?

Ni mtoto mchanga. *Infans* kwa Kilatini ni "asiyesema": *in-*, si, na *fans*, anayesema. Kwa Warumi mtoto mchanga alitambulika kwa kutokuwa na maneno.

Kisheria neno ni finyu zaidi. Katika sheria za adhabu za Kenya na Tanzania, zilizofuata mkondo wa Kiingereza, *infanticide* ni kosa la mama aliyesababisha kifo cha mwanawe asiyetimiza miezi 12, akili ya mama ikiwa imevurugika kutokana na uzazi. Baba hawezi kushtakiwa kwalo. Ukilitafsiri "mauaji ya mtoto" bila maelezo, umeacha nje sehemu ambayo wakili angeipigania.

Na "suicide"?

*Sui* ni "wa nafsi yake". Kiswahili kinalibeba neno zima katika herufi sita: ku-ji-ua, na *-ji-* ndiyo *sui*. Ingawa linaonekana la kale, Warumi hawakulitumia. Lilisambaa Uingereza katika karne ya 17. Mtunga kamusi Edward Phillips, mpwa wa mshairi John Milton, alilichukia. Alisema ni neno la kishenzi linaloelekea kutokana na *sus, suis*, yaani nguruwe. Kwa sikio la Kilatini hoja yake haikuwa mbaya, lakini hakusikilizwa.

Angalizo kwa wanaoandika: Kiingereza cha leo kinaikwepa kauli *commit suicide*, kwa kuwa *commit* ni kitenzi cha kutenda kosa. Wengi huandika *die by suicide*. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha sheria kinachofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba, kwa hiyo si suala la adabu ya lugha peke yake. Kiswahili "alijiua" hakina mzigo huo, na "alijitoa uhai" ni laini zaidi kwa wafiwa.

## Maneno yaliyotungwa karibuni

Nani alitunga "genocide"?

Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland aliyekimbilia Marekani. Mwaka 1941 Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa amesema redioni kwamba dunia inashuhudia uhalifu usio na jina. Lemkin akaupa jina katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1944, akaunganisha *genos* la Kigiriki, yaani ukoo au kabila, na mkia wa Kilatini. Ndugu zake wengi waliangamizwa katika uhalifu huohuo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuuzuia na kuuadhibu ulipitishwa tarehe 9 Desemba 1948.

"Mauaji ya kimbari" au "mauaji ya halaiki"?

Kimbari. Halaiki ni umati, kwa hiyo mauaji ya halaiki ni kuua watu wengi kwa pamoja, hata kama muuaji hajali ni akina nani. *Genocide* si hesabu ya maiti. Ni nia ya kuliangamiza kundi la kitaifa, kikabila, kimbari au kidini, lote au sehemu yake. *Mbari* ni ukoo, nasaba, na hapo ndipo lilipo *genos*. Nalihesabu hili kati ya tafsiri bora za kisheria tulizonazo; limekaa juu ya neno la kigeni kama kifuniko juu ya chungu chake.

Lilienea masikioni mwetu kupitia Arusha, ilikokaa mahakama ya kimataifa ya Rwanda. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na ikawa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Kinyarwanda chenyewe kinasema *jenoside*.

"Ecocide" na "femicide" ni maneno halali?

Yapo na yanatumika. *Ecocide*, kuangamiza mazingira, lilitokana na vita vya Vietnam: mwaka 1970 mwanabotania Arthur Galston alilitumia kupinga unyunyiziaji wa kemikali za kuua misitu. *Eco-* ni *oikos* la Kigiriki, nyumba.

*Femicide*, kuua wanawake kwa sababu ni wanawake, lilipata nguvu kupitia mwanaharakati Diana Russell mjini Brussels mwaka 1976. Wakenya walilibeba kwenye mabango tarehe 27 Januari 2024, walipoandamana Nairobi na miji mingine. Kwa kanuni za Kilatini lingekuwa *feminicide*, kutoka *femina*, na Kihispania kimeshika njia hiyo. Tatizo la kulitafsiri bado halijaisha: "mauaji ya wanawake" inataja waliouawa lakini haitaji sababu.

## Shambani na dukani

Pesticide, insecticide, herbicide, fungicide: tofauti ni nini?

*Pesticide* ni jina la ukoo mzima, na Kiswahili chake ni kiuatilifu. Ndilo lililomo hata katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. *Pestis* ya Kilatini ilikuwa tauni. Waliobaki ni watoto wake. *Insecticide* ni kiuadudu. *Herbicide* ni kiuagugu, kutoka *herba*, majani. *Fungicide* ni kiuakuvu, kutoka *fungus*, uyoga. *Rodenticide* ni sumu ya panya, na *rodere* ni kuguguna. *Insectum* lenyewe maana yake ni "kilichokatwa", kwa vile mwili wa mdudu una vipingili, ila hapo kitenzi ni kingine, *secare*.

Ubaya ni kwamba dukani vyote vinaitwa "dawa". Baba yangu mdogo analima nyanya Ilula. Msimu mmoja kantangaze, wadudu waharibifu wa nyanya, walimvamia, akamtuma kijana dukani akalete dawa ya kupulizia. Kijana akasema alivyoagizwa, "dawa ya kupulizia", muuzaji akampa ya kupulizia. Lebo ilikuwa ya Kiingereza kitupu, herufi ndogo za kutafuta kwa miwani. Alfajiri baba mdogo akachanganya kwenye bomba, akapiga robo eka yote kabla jua halijapanda. Siku ya tano ncha za majani zikageuka njano. Akanitumia picha ya chupa.

"Mwanangu, hebu nisomee hii. Dawa gani hii haishiki wadudu?"

Ilikuwa *non-selective herbicide*, kiuagugu kisichochagua.

"Baba mdogo, hii ni ya majani."

"Majani gani?"

"Yote."

Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kantangaze, nao, walikuwa wazima.

Rangi ya utepe kwenye lebo haitoshi kunijulisha?

Haitoshi. Utepe ulio chini ya lebo unaonyesha ukali wa sumu kwa binadamu: nyekundu ni hatari zaidi, kisha njano, bluu, na kijani. Hauonyeshi kinachouawa. Kiuagugu na kiuadudu vinaweza kuwa na utepe wa rangi moja. Tafuta neno lenye *-cide*, usome kilicho mbele yake.

"Acaricide" ni dawa gani?

Ya kupe na utitiri. Wafugaji wanaijua kama dawa ya kuogeshea, ile inayotiwa kwenye josho au kupigwa kwa bomba ili kupe wasilete ndigana. *Akari* ni utitiri kwa Kigiriki. Wenye kuuliza kwa nini isitoshe *insecticide*: mdudu ana miguu sita, kupe ana minane, ni ukoo mwingine. Zipo dawa zinazoua wote wawili, lakini ukitaka uhakika lebo itaje kupe.

"Larvicide" je?

Inaua viluwiluwi, hasa wa mbu. Kiwanda cha Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, kinatengeneza ya kibaiolojia. *Larva* kwa Warumi ilikuwa mzuka, na pia kinyago. Mwanasayansi Linnaeus na wenzake wa karne ya 18 waliwapa wadudu wachanga jina hilo kwa sababu sura ya utotoni inaficha sura ya ukubwani.

Kama antibiotiki ni kiuavijasumu, kwa nini kwa Kiingereza haina "-cide"?

*Antibiotic* ni Kigiriki kitupu, "kinachopinga uhai". Jina letu limesema zaidi ya lilivyosema la Kiingereza, maana si antibiotiki zote zinazoua. Kundi la tetrasaiklini, kwa mfano, kwa kawaida huzuia bakteria wasizaliane, kinga ya mwili ikamalizia kazi. Madaktari hutenganisha *bactericidal*, inayoua, na *bacteriostatic*, inayosimamisha. Kiuavijasumu limeshazoeleka na silipingi. Mwanafunzi wa uuguzi tu ndiye anayepaswa kulitazama kwa jicho la pili.

## Tahajia na matamshi

Ni "homicide" au "homocide"?

*Homicide*. Kilatini huunganisha maneno kwa *i*: *herb-i-cide, reg-i-cide*. Kigiriki huunganisha kwa *o*, ndiyo maana *genocide* na *ecocide* zina *o*. Wanaoandika *homocide* wamevutwa na *homo-* la Kigiriki, "sawa", la *homogeneous*. Kanuni hii ina wakaidi wake: *spermicide* lina kichwa cha Kigiriki na *i* ya Kilatini.

Linatamkwaje?

Mkia husikika kama mwanzo wa jina Saidi. Mkazo mkuu uko silabi ya kwanza: HO-mi-said, PES-ti-said. Sisi tunaelekea kuukaza karibu na mwisho kwa mazoea ya lugha yetu. Ukigeuza neno kuwa kivumishi kwa *-cidal*, mkazo mkuu unahamia kwenye mkia: ho-mi-SAI-dal.

## Yanayofanana na yasiyohusika

"Decide" nalo linaua?

Haliui, ila ni damu moja. *De-* na *caedere*: kukatia mbali. Aliyeamua amekata mabishano. Hakuna haja ya kulieleza sana kwa Mswahili, kwa sababu sisi tunakata shauri na hakimu anakata kesi. *Concise* na *precise* ni maneno "yaliyokatwa", *incisor* ni jino la mbele la kukatia, na *scissors*, mkasi, limo humohumo.

"Coincide"?

Huyu si ndugu. Ametoka *cadere*, kuanguka: mambo mawili yameangukia mahali pamoja. Kundi lake ni *accident* na *incident*. Herufi moja tu, *ae* dhidi ya *a*, ndiyo iliyowatenga, nayo ilipopungua kuwa *i* wakafanana sura.

"Excise duty" ni kodi iliyokatwa?

Hapana, ingawa mlipakodi anaweza kubisha. *Excise* la kukata, la daktari wa upasuaji, ni *caedere*. La ushuru wa bidhaa lilikuja kutoka Kiholanzi.

Ni kweli upasuaji wa uzazi umeitwa "Caesarean" kwa sababu Julius Caesar alizaliwa hivyo?

Si kweli. Enzi hizo tumbo lilipasuliwa kwa mama aliyekwisha kufa, na Aurelia, mama yake Caesar, alikuwa hai mwanawe akiwa na zaidi ya miaka 40. Lakini *caesus*, "aliyekatwa", limehusishwa na jina la ukoo huo tangu Warumi wenyewe, na hadithi ikaota hapo.

Kuna neno la Kiswahili lenye "caedere" ndani?

Simenti. *Caementum* yalikuwa mawe yaliyokatwa vipande kwa ajili ya ujenzi. Likapitia Kifaransa, Kiingereza, hadi kwenye mfuko wa kilo 50 ulioegemezwa ukutani. Saruji halimo, hilo ni la Kiarabu.

"Ovicide" ni kuua mayai au kondoo?

Kilatini kinaruhusu yote mawili: *ovum* ni yai, *ovis* ni kondoo. Wapo Waingereza waliolitumia kwa kondoo, kwa mzaha. Kwenye lebo ya dawa ni mayai ya wadudu.